Mbele ya mwalimu wa mtandaoni anapata yote, kwenye mtihani anakosa

"Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Hesabu zilianza kumshinda mwaka jana. Miezi minne iliyopita tulimtafutia mwalimu wa kumfundisha peke yake mtandaoni, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu. Mwalimu ni mpole, anaeleza vizuri na mtoto anampenda. Nikipita nyuma yake namsikia anajibu sawa. Lakini mtihani wa shule wa juzi kapata 41 kwa 100, na kabla ya tuisheni alikuwa anapata 44. Baba yake anasema tunatupa hela, mtoto mdogo hafundishiki kwenye skrini. Mimi nafikiria tuongeze ziwe siku tatu kwa wiki. Jirani naye ananiambia kuna watoto ubongo wao haushiki hesabu, nimpeleke akapimwe. Nami hesabu sikuziweza tangu utoto, labda karithi kwangu. Nifanye lipi?"

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonisimamisha ni maneno uliyoyapitia haraka: "nikipita nyuma yake namsikia anajibu sawa." Hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu kuliko kwingine. Ya baba, ya jirani na ya kurithi nitayafikia.

Kwanza tuziweke alama mahali pake. Kutoka 44 hadi 41 si kuanguka. Ni swali moja au mawili, na huenda mtihani wa safari hii ulikuwa mgumu kidogo. Usimgombeze mtoto kwa alama tatu. Kinachostahili kukusumbua ni kwamba miezi minne imepita na hakuna kilichosogea, ilhali mbele ya mwalimu mtoto anaonekana anajua. Mtoto wa namna hiyo hadanganyi. Amejifunza kweli, ila alichojifunza ni kumfuata mtu anayejua njia.

Chukua 63 kutoa 28. Vipindi vingi vya mtandaoni nilivyowahi kusikiliza huenda hivi:

"Tatu tunaweza kutoa nane?"
"Hapana."
"Kwa hiyo tunafanyaje? Tunako..."
"Tunakopa."
"Vizuri! Tunakopa kwa nani?"
"Kwa sita."
"Sita inabaki ngapi?"
"Tano."
"Safi. Sasa kumi na tatu toa nane?"
"Tano."
"Na tano toa mbili?"
"Tatu."
"Thelathini na tano! Umeona? Unaweza!"

Wewe unayepita nyuma na nguo za kuanika umesikia majibu sita, yote sahihi. Sasa tazama nani amefanya hesabu. Aliyeamua waanze na mamoja ni mwalimu. Aliyeshtuka kwamba tatu haitoshi ni mwalimu, maana asiyeona tatizo haulizi swali lile. Hata neno "tunakopa" mwalimu alikwisha kulitamka nusu. Alichofanya mtoto ni 6 toa 1, 13 toa 8 na 5 toa 2, ambazo ni hesabu za madarasa ya chini alizokuwa akiziweza kabla hujatafuta mwalimu. Na kalamu ya kuandikia kwenye skrini ilikuwa kwa mwalimu muda wote.

Kwenye mtihani inakuja 63 kutoa 28, na hakuna wa kumuuliza kama tatu inaweza kutoa nane. Anaandika 45. Unaona alivyoipata? Kwenye mamoja kachukua 3 akaitoa kwenye 8, akapata 5. Kwenye makumi, 6 toa 2 ni 4. Hakubahatisha. Anayo kanuni: kwenye kila safu, toa ndogo kwenye kubwa, usijali ipi iko juu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa kama haya katika hesabu za kutoa, wakaonyesha kuwa mengi hayatokani na uvivu wala kutokuwa makini. Mtoto anafuata kanuni yake kwa uaminifu mkubwa, ila kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Na mara nyingine (niseme kweli, japo inatuuma) tumempa sisi walimu, siku tulipomwambia kwamba "kubwa haitoki kwenye ndogo" ili tumalize somo la siku ile.

Kumweleza njia sahihi kwa mara ya kumi hakuing'oi kanuni hiyo. Mwalimu akiwepo anafuata ya mwalimu, akibaki peke yake anarudi kwenye yake. Ndiyo sababu upole na maelezo mazuri ya mwalimu wenu havijazaa alama.

Mwalimu anayejua kazi hii angefanya jambo linaloonekana la kivivu. Angesema, "Fanya 63 kutoa 28, nami nakuangalia," kisha anyamaze. Mtoto akiandika 45, hasemi umekosa. Anamwambia, "Hebu jumlisha 45 na 28 tuone kama tunarudi tulikotoka." Mtoto anapata 73. Anakunja uso. Hapo sasa ana swali lake mwenyewe, na huo ndio wakati maelezo yanapoingia. Mwalimu anamwomba afunge vijiti kumi kumi, aweke mafungu sita na vijiti vitatu, kisha atoe 28. Akifika kwenye vijiti vinane anakuta vitatu tu, na mkono wenyewe unalifuata fungu moja na kulifungua. Kukopa kumetokea kabla ya neno "kukopa" kutamkwa. Fungu moja limekuwa vijiti kumi, na sita ya kwenye 63 imejionyesha kuwa ni sitini. Kesho yake akiulizwa bila vijiti atakosea tena mara mbili tatu, na ni sawa, ilimradi sasa anaweza kujikamata.

Tofauti ya mwalimu wa mtoto mmoja na mwalimu wa darasa zima iko hapo. Wa darasa naye anaeleza, tena pengine vizuri zaidi. Asichoweza ni kutazama mkono wa kila mtoto unavyokwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba katika majaribio aliyoyakusanya, mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake aliwapita takribani 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Wanaouza tuisheni wanaipenda sana namba hiyo. Uchambuzi mpana wa mtafiti mwingine, Kurt VanLehn, wa mwaka 2011 uliteremsha matarajio: mafanikio yapo na ni makubwa, lakini hayafiki huko. Ninachokipenda mimi kwenye uchambuzi huo ni kingine. Programu za kompyuta zilizokagua kila hatua ya mwanafunzi zilikaribiana sana na mwalimu binadamu, na zile zilizokagua jibu la mwisho tu zilifikia chini ya nusu ya mafanikio hayo. Kwa hiyo mwalimu asiyeziona hatua za binti yako, hata awe mpole namna gani, amejishusha mwenyewe.

Hapa ndipo baba yake ana robo ya haki. Skrini haimzuii mtoto wa miaka tisa kujifunza, ila inaficha mkono. Mwalimu anauona uso, na uso wa mtoto anayefuata na wa mtoto anayeelewa ni mmoja. Halafu sauti ya mtandaoni huchelewa kidogo. Mtoto akinyamaza sekunde tatu, mwalimu anadhani amekwama au intaneti imekatika, anajaza kimya kwa kidokezo. Hata darasani ni hivyo: Mary Budd Rowe, aliyechunguza jambo hili miaka ya 1970, alikuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuingilia, na walipojizuia hadi tatu watoto walijibu kwa urefu na kwa kufikiri zaidi. Mtandaoni mimi hujihesabia kumi kimoyomoyo. Ni kazi ngumu kuliko kueleza.

Dawa ya mkono uliofichika ni rahisi. Tafuta simu ya pili, ya zamani inatosha. Panga vitabu viwe mnara upande wa kushoto wa mtoto kama anaandikia kulia, juu yake laza simu ichungulie ukingoni kamera ikitazama chini, na uweke kitabu kingine juu ya sehemu iliyobaki ndani isije ikaanguka. Iunganishe kwenye kipindi hichohicho na uzime sauti yake ili isirudishe mwangwi. Mtoto aandike kwenye daftari kwa penseli yake, mwalimu aone daftari. Zile kalamu za rangi za kwenye ubao wa skrini zinapendeza, lakini mtoto anayeandika tarakimu kwa kipanya anatumia nusu ya akili kupigana na kipanya. Na kila alichofuta kibaki kinaonekana: mwambie akate mstari mmoja, asifute kwa kifutio. Alichokikata ndicho mwalimu anachokihitaji.

Kuhusu kuongeza siku, sikushauri uongeze saa, nakushauri uzikate. Dakika 90 mbele ya skrini kwa mtoto wa miaka tisa ni nyingi mno. Nusu saa ya mwisho anaitikia tu. Dakika hizohizo 90 zigawe mara mbili za dakika 45, au mara tatu za 30, kwa siku zilizoachana. Kumbukumbu hukazwa na kurudiwa baada ya kuanza kusahau, na kipindi kimoja kirefu kwa wiki kinampa siku sita za kusahau bila nafasi ya kurudia. Kila kipindi kianze na maswali mawili ya wiki iliyopita, bila kumkumbusha chochote kabla. Hizo dakika tano za mwanzo zitamwambia mwalimu ukweli kuliko kipindi chote kilichotangulia. Na kama vipindi vimekuwa vya kumsaidia kumaliza kazi za nyumbani, acheni. Kazi ya nyumbani inaisha ikiwa safi, mwalimu wa shule anaona vyote sahihi, na hakuna aliyejua kwamba mtoto amekwama.

Kabla ya yote hayo, itafute karatasi ya mtihani wenyewe. Ukiniambia 41, hujaniambia kitu. Keti na mwalimu, mpitie swali moja moja alilokosa na kuuliza amekosa kwa sababu gani. Kuna alilokosa kwa kanuni mbovu kama ile ya 45. Kuna alilokosa kwa sababu hajui kuzidisha 7 kwa 8 na muda ukamwishia akijumlisha. Kuna alilonakili vibaya, swali linasema 306 yeye akaandika 360. Na kuna mafumbo: anajua kutoa, lakini alipoona neno "zaidi" akajumlisha, ingawa fumbo lilisema "Asha ana vitabu 12, ni 5 zaidi ya vya Juma, Juma ana vingapi?" Shida ya kosa hilo la mwisho ni kusoma, hasa kama lugha anayofundishiwa si anayoiongea nyumbani, na huwezi kuiponya kwa kumpa hesabu 50 za kutoa. Jaribio moja dogo nalipenda kwa umri huu: mwandikie 8 + 4 = __ + 5. Akijaza 12 au 17, anasoma alama ya sawasawa kama amri ya "andika jibu hapa", na hilo litamsumbua hadi aljebra. Jibu ni 7.

Sasa jirani. Kuna kweli watoto wenye diskalkulia, tatizo la kudumu la kuelewa idadi na namba ambalo halina uhusiano na uvivu wala akili ndogo. Makadirio mengi huwaweka kati ya 3 na 7 kwa kila 100. Lakini 41 kwenye mtihani si dalili yake, na mtoto anayejibu "13 toa 8" papo hapo simtilii shaka sana. Nitakachokuuliza ni haya. Akitupiwa vifuniko vitatu mezani, lazima avihesabu kimoja kimoja badala ya kuona tu kuwa ni vitatu? Anasitasita ukimuuliza kati ya 47 na 74 ipi ni kubwa? Bado anahesabu 6 na 3 kwa vidole kuanzia moja? Alichokishika leo, kesho kimefutika kana kwamba hakikuwahi kuwepo, mwezi baada ya mwezi, huku kusoma hakumsumbui? Saa na chenji vinampiga chenga kuliko wenzake? Kama mengi ya haya ni ndiyo, mpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia ya elimu au wa elimu maalumu, ana kwa ana. Tathmini hiyo haifanywi na mwalimu wa tuisheni, wala kwa maswali kumi ya mtandaoni. Usisubiri pia kama anakosea kunakili ubaoni, anasogeza daftari karibu na uso au anauliza "eti?" kila mara: macho na masikio yapimwe kwanza, ni rahisi na hayo husahaulika. Na kama siku za hesabu tumbo linamuuma, analia au halali, zungumza na mwalimu wake wa darasa na daktari wiki hii. Hapo tuisheni inangoja.

Kurithi. Mama, hili nalisema kwa upole. Utafiti wa Erin Maloney na wenzake, wa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili Marekani. Wazazi waogopao hesabu, wakiwa wanawasaidia watoto mara kwa mara kazi za nyumbani, watoto wao walijifunza hesabu kidogo zaidi mwaka ule na wakaanza kuziogopa. Wazazi wenye hofu hiyohiyo wasioingilia sana hawakuwa na athari hiyo. Sikuambii ukae mbali na mwanao. Nakuambia maneno "hata mimi sikuziweza" yasimfikie masikioni, na usijipe kazi ya kumfundisha. Kazi yako iwe kuwa mjinga wake: "Hebu nieleze hii mlifanyaje." Akikwama katikati ya kueleza, muwekee alama swali hilo na umpelekee mwalimu. Na wakati wa kipindi usimnong'oneze jibu kutoka nyuma ya kamera. Wazazi wengi sana hufanya hivyo kwa huruma, na mwalimu upande wa pili anaandika kwamba mtoto ameelewa.

Je, muhamie kwa mwalimu wa ana kwa ana? Mkimpata mzuri aliye karibu, ana faida moja kubwa: anaona mkono na anagusa vijiti bila kupanga mnara wa vitabu. Lakini mwalimu wa ana kwa ana anayeshika kalamu yeye ni yuleyule wa skrini, isipokuwa ameketi jirani. Kikundi cha watoto wawili au watatu wenye tatizo moja ni nafuu na mara nyingi kinatosha, ila kwa mwenye kanuni mbovu ambayo haijajulikana, mmoja kwa mmoja ni bora kwa kuanzia. Programu za mazoezi zinafaa kukaza jedwali la kuzidisha, na hazifai kumfundisha asichokielewa, hasa zile zinazompa nyota kwa jibu tu. Kuacha kabisa nako si dhambi, kama fedha zinawabana na mwalimu wa shule yuko tayari kumwona dakika 15 kwa wiki akiwa na karatasi yake.

Mimi ningempa mwalimu wenu wiki sita kabla ya kumbadilisha. Mtoto anampenda, na hilo si dogo. Zungumza naye mtoto asipokuwepo, usimshitaki. Mwambie: "Nataka kalamu iwe kwa mtoto, na uone daftari lake." Mwalimu mwenye moyo atafurahi. Kisha keti dakika 15 kipindi kikiendelea, mahali mtoto asipokuona, uhesabu mambo mawili tu: mara ngapi mtoto ameongea sentensi nzima, na mara ngapi mwalimu amemalizia neno au hatua kabla yake. Ukikuta wiki ya tatu anayeongea bado ni mwalimu, humo hamna dawa, tafuta mwingine. Utakapomhoji huyo mwingine, usimuulize ana shahada gani kabla hujamuuliza hili: "Mtoto akiandika 63 kutoa 28 ni 45, utafanya nini?" Anayeanza na "nitamweleza kwamba..." mshukuru na uendelee kutafuta.

Na ili msibishane na baba yake tena juu ya alama, jumamosi hii chukua maswali sita kutoka kwenye ule mtihani, badilisha namba, mpe mtoto karatasi na penseli, keti chumba kingine. Asisahihishiwe. Andika tarehe, uikunje karatasi uiweke mbali. Baada ya wiki sita mpe mengine sita ya aina hiyohiyo, kisha mzitandaze karatasi zote mbili mezani, wewe na baba yake, mtazame hatua kabla ya majibu. Mwalimu wa tuisheni asijue mmechagua maswali yapi.